Profesa Odhiambo, Mwalimu wa Wataalamu wa Wadudu

Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa ndugu zetu wa Mkoa wa Singida, habari za maisha ya mtu ambaye hakuzaliwa Singida, lakini kazi aliyoifanya inawagusa watu wa Singida pengine kuliko watu wa mikoa mingi ya nchi yetu. Mtu huyo ni Marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo, Mkenya, mtaalamu wa wadudu, aliyefariki dunia mwaka 2003. Wengi wanamkumbuka kuwa ni mwanasayansi. Sisi twapenda kumtaja kwanza kuwa ni mwalimu, kwani wadudu aliowachunguza kwa mikono yake mwenyewe ni wachache, lakini vijana aliowaandalia mahali pa kujifunzia elimu hiyo ni wengi, nao wametapakaa katika Afrika.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tupoteze wino wa ukurasa huu kwa ajili ya wadudu. Tunamwomba afikiri kidogo. Mfugaji wa Manyoni hahitaji kuambiwa mbung'o ni nini. Ni yule inzi mnyonya damu ambaye akitua huyalaza mabawa yake moja juu ya jingine kama makali ya mkasi uliofungwa, naye hubeba vijidudu viletavyo nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Nchi kubwa yenye miti na maji, kutoka Itigi kuelekea Rungwa, imekuwa kwa muda mrefu haifai kwa ng'ombe kwa sababu ya inzi huyo mmoja. Mkulima wa Iramba naye, akiupasua ubua wa mtama ulionyauka kabla ya kutoa suke, humkuta ndani yake funza anayeitwa bungua. Kuna viwavijeshi, ambao katika mwaka wa balaa huja usiku na kuliacha shamba limekwanguliwa kufika asubuhi. Kuna kupe, kuna mchwa, kuna mbu wa malaria. Mtu akizijumlisha hasara ambazo wadudu wamelitia taifa hili, atakuta kwamba ni vita ambavyo havijawahi kutangazwa wala kwisha.

Sasa, vita hivyo viliongozwa na nani? Hapa ndipo ilipo sababu ya kumkumbuka Odhiambo.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jambo la mbung'o waliliona mapema. Mwaka 1919 walimweka Bwana C. F. M. Swynnerton kuwa Bwana Nyama wa kwanza wa nchi hii, naye baadaye akaongoza idara nzima ya utafiti wa mbung'o iliyokuwa na makao yake Shinyanga. Maelfu ya Wasukuma walitoka na mashoka wakafyeka mapori, kwani ilikwisha kujulikana kwamba mbung'o hawezi kuishi pasipo kivuli. Moto uliwashwa kwa utaratibu na kwa majira. Vijana walizunguka kutwa wakiwanasa mbung'o kwa nyavu ndogo na kuwahesabu, ili wakubwa wapate kujua ni wangapi waliosalia porini. Mwaka 1936 Bwana Swynnerton alichapisha kitabu kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki, ambacho wataalamu waliendelea kukitazama kwa miaka mingi. Mwenzake, Bwana B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea, aliizunguka nchi ya kati akiandika habari za miti na vichaka, vikiwamo vile vichaka vizito vya Itigi ambavyo ng'ombe hapenyi na mtu hupenya kwa taabu. Wote wawili walikufa katika ajali moja ya ndege mwaka 1938.

Hatuna sababu ya kuwabeza watu hao. Walifanya kazi ngumu na walikufa kazini. Lakini yatupasa tuseme jinsi kazi ile ilivyogawanywa. Wadudu walikuwa wa kwetu, mapori yalikuwa ya kwetu, na jasho lilikuwa letu. Elimu ilikuwa ya wengine. Aliyefyeka alibaki kuwa mfyekaji, na aliyenasa mbung'o alibaki kuwa mnasaji hata alipokuwa anazijua tabia za mbung'o kwa kuishi naye kila siku. Kichaka kimoja kiotacho Itigi kimepewa katika vitabu vya sayansi jina la Burttia, kwa heshima ya Bwana Burtt, nayo ni heshima aliyoistahili. Wenyeji waliokuwa na jina lao la kichaka hicho tangu zamani hawakuulizwa kama wangependa kuwa wataalamu wa mimea.

Thomas Odhiambo alizaliwa mjini Mombasa tarehe 4 Februari 1931, katika siku hizo hizo za Shinyanga tulizozieleza. Alisoma katika shule ya Maseno, karibu na Kisumu, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Makerere, Uganda. Vijana wa leo, wenye vyuo vikuu karibu katika kila pembe ya nchi, huenda wasijue kwamba wakati ule kijana wa Kenya, wa Uganda au wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu bila ya kuvuka bahari alikuwa na mlango mmoja tu, nao ni Makerere. Chuo cha Dar es Salaam kilikuja kufunguliwa mwaka 1961, nacho kilianza na masomo ya sheria.

Alipotoka Makerere aliajiriwa katika Idara ya Kilimo ya Uganda. Kazi yake ilihusu wadudu waharibifu wa mimea, na hasa jamii moja ya wadudu wadogo wafyonzao utomvu, ambao wamo wanaoharibu pamba na mazao mengine. Kazi kama hiyo haina fahari. Mtu hukaa na kioo cha kukuzia, akitazama mguu wa mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, akihesabu vipingili vyake, akilinganisha huyu na yule, mpaka aweze kusema bila ya wasiwasi kwamba hawa ni wa aina mbili na wala si moja. Odhiambo aliifanya kazi hiyo kwa miaka, na aina kadhaa za wadudu ambazo hazikuwa zimeandikwa popote ziliingia katika vitabu kwa kalamu yake.

Katika miaka hiyo ndipo alipochunguza jambo moja ambalo tunapenda kulieleza kwa kirefu, kwa sababu linaonyesha jicho alilokuwa nalo. Kuna mdudu mmoja wa jamii ya kunguni wawindaji, ambao hawanyonyi damu ya binadamu bali huwavamia wadudu wengine, huwachoma kwa mdomo wao mgumu na kuwafyonza. Katika wadudu walio wengi jike hutaga mayai akaenda zake, na dume hana habari. Odhiambo aliona kwamba kwa kunguni huyu mambo ni kinyume. Dume ndiye alindaye mayai. Husimama juu yake kwa siku nyingi na kuwafukuza nyigu wadogo sana ambao hutafuta nafasi ya kuyatoboa mayai hayo ili watage mayai yao wenyewe ndani yake. Habari hiyo ilichapishwa London mwaka 1959, na hata sasa wanaochunguza malezi ya akina baba katika wanyama wadogo bado huitaja. Tukumbuke kwamba mwandishi wake alikuwa kijana Mwafrika aliyekuwa bado hana shahada kubwa, akifanya kazi katika serikali ya kikoloni, na hakuna aliyemtuma kumtazama kunguni yule. Alitazama kwa kuwa alitaka kujua.

Mwaka huo huo wa 1959 alikwenda Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwalimu wake huko alikuwa Sir Vincent Wigglesworth, ambaye wengi humhesabu kuwa ndiye baba wa elimu ya jinsi mwili wa mdudu unavyofanya kazi. Mzee huyo alipata sifa kwa uchunguzi mrefu wa kunguni mmoja wa Amerika ya Kusini, na kutokana na mdudu huyo mmoja alifumbua jinsi wadudu wote wanavyokua na kujivua ngozi. Twaona kwamba Odhiambo aliondoka Cambridge na kitu zaidi ya shahada. Aliondoka na mfano wa mwalimu anayekusanya vijana katika chumba kimoja, akawapa swali moja zito, na kuwaacha wahangaike nalo.

Swali alilolishughulikia yeye mwenyewe lilihusu nzige wa jangwani. Nzige dume akiwa bado mchanga huwa na rangi ya waridi, na akipevuka hugeuka wa manjano na kuanza kutafuta majike. Ni kitu gani kinachomgeuza? Karibu na ubongo wa nzige kuna tezi mbili ndogo mno. Odhiambo alizitoa tezi hizo kwa madume wachanga, jambo ambalo lahitaji mkono usiotetemeka, kisha akangoja. Madume hayo hayakugeuka manjano, wala hayakuwataka majike. Hivyo ikabainika kwamba maji yatokayo katika tezi hizo, ambayo wataalamu huyaita homoni, ndiyo yaliyoshika ufunguo wa kupevuka kwa nzige dume. Mtu aliyepata kuona kundi la nzige likitua katika mbuga hatauliza faida ya kujua jambo kama hilo. Alipata shahada yake ya udaktari mwaka 1965.

Angeweza kubaki Ulaya. Wapo waliobaki, na hatuwalaumu wote, kwani mtu aliyejifunza kazi ya maabara kisha akarudi mahali pasipo na maabara ni kama seremala aliyerudishwa kijijini bila ya randa. Yeye alirudi mwaka huo huo wa 1965, akafundisha katika Chuo cha Nairobi, kilichokuwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Na mara moja aliliona tatizo ambalo liliishika akili yake mpaka kufa kwake. Aliwafundisha vijana, vijana wakafaulu, lakini baada ya kufaulu hawakuwa na pa kwenda. Aliyetaka kuendelea alipaswa kuvuka bahari. Akienda, alipewa kuchunguza mdudu wa huko, kwa fedha za huko, kwa ajili ya mashamba ya huko. Akirudi, alikuta meza tupu. Asiporudi, nchi ilikuwa imempoteza.

Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida kubwa la sayansi la Marekani liitwalo Science, akieleza hali ya sayansi katika Afrika ya Mashariki na njia ya kuitengeneza. Ni vyema tukumbuke ulikuwa mwaka gani. Ndio mwaka wa Azimio la Arusha, na ndio mwaka wa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Kila mahali watu walikuwa wanauliza jinsi ya kusimama kwa miguu yao wenyewe. Odhiambo aliuliza swali hilo hilo katika sayansi. Jawabu lake lilikuwa kwamba nchi maskini haziwezi kufanya kila kitu, basi na zichague mambo machache ambayo kwayo zina nafasi kuliko wengine, na katika mambo hayo zijenge vituo vya ubora usio na shaka. Na je, sisi tuna nini kuliko wengine? Tuna wadudu. Joto letu lawafaa, misitu yetu imewajaa, nao ndio wanaotutia umaskini. Mtu wa Ulaya akitaka kumchunguza mbung'o hana budi amfuge katika chumba chenye joto la kutengenezwa. Sisi tunaye mlangoni.

Jawabu hilo laonekana jepesi likisemwa leo. Lakini wakati ule wapo waliodhani kwamba sayansi ya ndani kabisa si kazi ya Mwafrika, na kwamba yatosha afundishwe kunyunyizia dawa. Wapo pia Waafrika wenzetu walioona kwamba nchi yenye njaa haina haki ya kulipia maabara. Odhiambo aliwapinga wote wawili. Kwa maoni yake dawa ya kununua ni deni la kila mwaka, ila ujuzi wa tabia ya mdudu ni mali isiyokwisha. Sisi tunaona kwamba katika hilo alikuwa na haki, ingawa tutakuja kusema mahali ambapo hesabu zake zilimsumbua.

Mwaka 1970 kituo alichokiota kilizaliwa Nairobi, kikaitwa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, ambacho ulimwengu hukijua kwa ufupisho wa ICIPE. Odhiambo akawa mkurugenzi wake. Mwaka huo huo alikuwa mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na ndiye aliyekuwa profesa wa kwanza wa elimu ya wadudu chuoni hapo. Kituo hakikuwa na jumba lake. Kilianza katika vyumba vya kuazima katika eneo la Chiromo. Kati ya waliomsaidia alikuwamo mkemia Carl Djerassi, ambaye jina lake limefungamana na kutengenezwa kwa kidonge cha kupanga uzazi, na wakemia wengine wenye sifa kubwa kama vile Koji Nakanishi, Mjapani, na Jerrold Meinwald, Mmarekani.

Utaratibu wake ulikuwa wa kupindua ulivyozoeleka. Mabwana hao wakubwa hawakupelekewa wadudu katika sanduku. Walikuja wao Nairobi kwa vipindi, wakaketi na vijana, wakawaonyesha kazi, wakaondoka, na mwaka uliofuata wakarudi kuona imefika wapi. Kijana aliyekuwa na shahada yake mpya alibaki hapo hapo na swali lake, akiwa na mbung'o au mchwa au viwavijeshi waliotoka katika nchi anayoijua. Kwa hiyo ujuzi uliokuwa ukitoka Afrika sasa ulianza kuingia. Tukisema hivyo hatuna maana kwamba yote yalikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Katika miaka ya mwanzo wageni walikuwa wengi katika maabara zile, na Odhiambo alijua kwamba kituo kilicho Afrika si lazima kiwe cha Waafrika.

Dawa ya jambo hilo aliipata mwaka 1983, nayo kwetu sisi ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Alianzisha pamoja na vyuo vikuu vya Afrika mpango wa masomo ya juu ya wadudu, ujulikanao kwa ufupisho wa ARPPIS. Tuueleze vizuri, kwani uzuri wake umo katika jinsi ulivyoundwa. Kijana wa nchi fulani ya Afrika aliandikishwa katika chuo kikuu kinachoshiriki. Kisha alikuja ICIPE, akafanya utafiti wake kwa muda wa miaka mitatu hivi, penye vyombo, vitabu na wasimamizi. Alisimamiwa na mtaalamu wa kituo na profesa wa chuo chake pamoja. Mwisho wa kazi, shahada ya udaktari haikutolewa na ICIPE, wala na chuo cha Ulaya, bali na chuo kile cha Afrika alikoandikishwa.

Faida yake yaonekana ukiitazama kwa utulivu. Kijana hakung'olewa kwao. Profesa wa chuo chake, ambaye huenda hakuwa na hadubini nzuri, naye alipata kushiriki katika utafiti wa kisasa kwa njia ya mwanafunzi wake. Chuo chenyewe kilipata jina la kutoa madaktari wa sayansi. Na mdudu aliyechunguzwa alikuwa ni yule anayemsumbua mkulima wa Afrika, si mdudu wa matofaa ya Kent. Mpango huo uliendelea baada ya mwanzilishi wake kuondoka, na wataalamu waliopitia katika kituo hicho kwa shahada za juu ni mamia. Wapo waliokuwa maprofesa, wapo walioongoza vituo vya utafiti vya serikali zao, na wapo walio katika maabara ambazo hakuna mwandishi wa gazeti anayezitembelea.

Sasa turudi kwa mbung'o, maana tusipofanya hivyo ndugu zetu wa Manyoni watatudai.

Mbung'o ana tabia moja inayomtofautisha na inzi wengine. Hatagi mamia ya mayai. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja, akiwa mzima na mnene, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Kwa hiyo huongezeka polepole. Ukiweza kuondoa asilimia chache tu ya majike kila siku, bila ya kukoma, kundi lote litapungua mpaka kufikia karibu na kwisha. Hakuna haja ya kufyeka nchi nzima kama walivyofyeka Wasukuma wa Shinyanga, wala kuua wanyama wa porini kwa maelfu kama ilivyofanywa mahali pengine. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa ICIPE wakifanya kazi Nguruman, kusini mwa Kenya, katika nchi ya Wamasai, walitengeneza mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, kwani rangi ya buluu humvuta mbung'o. Kando yake huwekwa chupa ya mkojo wa ng'ombe na nyingine ya asetoni, ambayo harufu yake imo katika pumzi ya ng'ombe. Mbung'o hudhani amemkuta mnyama, huingia, hupanda kuelekea kwenye mwanga, naye hunaswa. Kitambaa hushonwa na fundi wa kijijini. Mkojo wa ng'ombe hauagizwi kutoka nje. Wafugaji wenyewe walifundishwa kuishona na kuilinda mitego hiyo, na mbung'o wa mahali hapo walipungua sana.

Mtu atauliza kwa nini basi mbung'o hajamalizika. Sababu ni kwamba mtego wahitaji mtu wa kuutunza kila wiki, na inzi wa mapori ya jirani hurudi wakikuta mtego umechanika. Kisiwa cha Unguja, ambacho hakina pori jirani, kiliweza kummaliza mbung'o kabisa kufikia mwaka 1997 kwa njia nyingine, ya kuwaachia madume waliofanywa tasa kwa mionzi na waliokuzwa Tanga. Kazi hiyo haikuwa ya Odhiambo, nasi hatumpi sifa isiyo yake. Tunaitaja kwa kuwa yaonyesha kwamba kumjua mdudu mmoja kwa undani, jinsi azaavyo na apandavyo, ndiko kulikoleta ushindi, na ndilo jambo alilokuwa akilihubiri tangu mwaka 1967.

Kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, mahali paitwapo Mbita, kituo kilijenga makao ya pili ili watafiti wakae katikati ya mashamba ya mtama na mahindi. Hapo walifugwa bungua kwa maelfu, na hapo vijana walijifunza kwamba mkulima ana maswali ambayo hayamo vitabuni. Katika miaka ya 1990 ilianza hapo njia ya kusukuma na kuvuta. Mkulima hupanda kati ya mistari ya mtama majani ya jamii ya kunde yaitwayo desmodiamu, ambayo harufu yake humfukuza nondo mzazi wa bungua, na mizizi yake huzuia gugu baya la kiduha. Kandokando ya shamba hupanda majani ya tembo, ambayo humvuta nondo huyo atage hapo, na funza wengi wakitoka hufa katika utomvu wenye kunata. Mkulima hupata mtama, na ng'ombe hupata majani. Kazi hiyo iliongozwa na Dokta Zeyaur Khan pamoja na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, na matunda yake makubwa yalionekana baada ya Odhiambo kuacha uongozi.

Na hapa yafaa tuseme yale ambayo wapenzi wake huyapita upesi. Kituo cha Odhiambo kiliishi kwa fedha za wafadhili wa nje. Alitaka Waafrika wawe na maabara yao wenyewe, lakini serikali za Afrika zilitoa pongezi nyingi na fedha kidogo. Wafadhili nao walikuja na masharti, na baadhi yao walinung'unika kwamba kituo kimezama mno katika tezi na homoni, na kwamba mkulima amesubiri muda mrefu kuona faida. Malalamiko hayo hayakuwa ya uongo mtupu. Miaka ya mwanzo ya 1990 ilikuwa migumu, na mwaka 1994 uongozi ulikwenda kwa Dokta Hans Herren, mtaalamu kutoka Uswisi. Sisi twaona kwamba hatia, kama ipo, haiwezi kubebeshwa mtu mmoja. Mtu aliyelima shamba kwa jembe la kuazima hawezi kulaumiwa peke yake mwenye jembe akilitaka.

Aidha, hakukaa kimya. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chuo cha Sayansi cha Dunia ya Tatu mwaka 1983, pamoja na Profesa Abdus Salam wa Pakistani, na mwaka 1985 aliwakusanya wanasayansi wa Afrika waanzishe chuo chao wenyewe, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kuondoa njaa, akishirikiana na Rais Abdou Diouf wa Senegali. Jumuiya ile ya Afrika ya Mashariki ya 1967 ilivunjika mwaka 1977, mipaka ikafungwa, ndugu wakagombana. Kituo chake kiliendelea kupokea vijana kutoka pande zote za mipaka hiyo.

Profesa Odhiambo alifariki tarehe 26 Mei 2003 mjini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 72. Makao makuu ya kituo yako Kasarani, nje kidogo ya katikati ya jiji, nayo huitwa Duduville, yaani mji wa wadudu, jina ambalo nusu yake ni Kiswahili na ambalo huwachekesha madereva wa teksi. Makao ya Mbita sasa yana jina lake, nayo yaendelea kupokea vijana wa shahada za juu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Nauli ya basi kutoka Singida hadi huko, kwa njia ya Mwanza na Sirari, si kubwa ukilinganisha na nauli ya Cambridge.